Neno «Jangwa» na Nchi ya Shinyanga

Neno mandhari lilitufikia kutoka Kiarabu, na shina lake ni kutazama. Mandhari ni kitazamwacho. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kueleza nchi iliyo mbele yake, yaani vilima, mabonde, malisho na mito, lugha humweka kwanza mahali pa mtazamaji: husimama juu ya kilima, hutupa macho, kisha husifu au husikitika. Sina ugomvi na neno hilo katika ushairi, wala sitaki lifutwe katika kamusi. Lakini katika jambo la ardhi limetuzoesha vibaya. Nchi haikai ili itazamwe. Nchi hufanya kazi usiku na mchana, na kazi yake kubwa hufanyika pasipo kuonekana, chini ya majani makavu na chini ya udongo. Tena sura ni shahidi asiyetegemewa. Wiki mbili baada ya mvua za kwanza hata nchi iliyochakaa kabisa huvaa kijani, kwa kuwa magugu ya msimu mmoja huota upesi mahali palipo wazi. Mtazamaji akipita siku hizo atasema nchi imepona, naye atakuwa amedanganywa na macho yake mwenyewe.

Katika makala haya nimekusudia kupima neno moja tu miongoni mwa maneno tunayotumia kueleza nchi iliyoharibika, neno jangwa, na kulipima mahali ambapo limetumiwa kwa nguvu sana katika Tanzania, yaani Shinyanga. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru mkoa huo, akasikitishwa na ardhi aliyoiona, iliyo uchi na iliyochimbika makorongo. Na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. (Shinyanga ya wakati huo ilikuwa pana kuliko ya leo, Maswa, Meatu na Bariadi ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012.) Mkoa ule ulipata jina la Jangwa la Tanzania, na hata leo mtu akitaka kusimulia habari za Shinyanga huanza na jina hilo. Nadai kwamba lilikuwa jina baya. Sisemi hivyo kwa sababu lilitia chumvi; nasema hivyo kwa sababu lilielekeza macho mahali pasipokuwa na ugonjwa.

Jangwa, kwa maana yake ya kawaida, ni nchi iliyonyimwa mvua. Sahara ni jangwa, na ile nchi ya mchanga iliyo kusini mwa Bara Arabu ni jangwa. Huko mbingu hazitoi, na binadamu hana wa kumlaumu. Shinyanga hupata mvua ya kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. London, mji ambao wageni hawautaji bila kutaja mvua, hupata kama milimita 600. Najua kwamba ulinganisho huu una kasoro. Mvua ya London hunyunyiza mwaka mzima juu ya nchi ya baridi, na ile ya Shinyanga humwagika kwa ghadhabu katika miezi michache, kisha jua kali hunywa sehemu kubwa ya maji. Lakini hata baada ya kukiri hayo yote, jambo lenyewe hubaki pale pale: Shinyanga haikuwa imenyimwa mvua. Ilikuwa imepoteza namna ya kuipokea.

Kupokea mvua ni kazi, na msomaji aniwie radhi nikiieleza kwa urefu, maana hapa ndipo maneno yetu hupungua. Tone la mvua ya radi huanguka kwa nguvu. Likikuta jani la mti, au nyasi, au takataka za majani makavu, nguvu yake huvunjwa. Maji hushuka taratibu, hukuta matundu yaliyoachwa na mizizi iliyooza, na njia za mchwa, na vishimo vya nyungunyungu, nayo huingia. Mchwa, ambaye mkulima humchukia kwa sababu zake za haki, ni mchimbaji wa visima vidogo visivyo na idadi. Mboji hushika maji kama sifongo na kuyatoa kidogo kidogo kwa mimea. Yaliyozidi huendelea kushuka, hufuata mteremko chini kwa chini, na miezi mingi baadaye hutokeza penye chemchemi, au kisimani, au katika mchanga wa mto uliokauka, mahali ambapo mwanamke hufukua kwa kibuyu mwezi wa Septemba na kupata maji ya kunywa. Maji yale ya Septemba ni mvua ya Machi.

Wasukuma walilijua jambo hili kwa kuutazama mteremko kwa makini. Udongo mwepesi wa mchanga ulio juu huitwa luseni. Chini yake huja itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Na bondeni huwa mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kila mmoja una matumizi yake, na kila mmoja humtegemea jirani yake wa juu, kwa kuwa maji na rutuba hushuka kutoka kwa huyo hadi kwa huyu. Mwaka 1935 G. Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika juu ya mteremko kwa utaratibu mmoja unaojirudia, akauita utaratibu huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo likaenea katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote. Mwanafunzi wetu hulisoma leo katika vitabu vya kigeni bila kuambiwa kwamba lilizaliwa kwa kutazamwa miteremko ya kwao, na kwamba mkulima wa Usukuma alikuwa na jina la kila pete ya mnyororo huo.

Sasa ondoa nyasi na majani. Tone lile lile huipiga ardhi iliyo uchi, husambaratisha mabonge ya udongo, na chembe laini huziba matundu yote. Jua likitoka, uso wa nchi hukauka na kugandamana kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Mvua inayofuata haiingii tena, huteleza. Maji yanayoteleza hushika kasi, yakishika kasi hubeba mchanga, na mchanga huo huenda kujaza mto, na kisima, na lambo lililochimbwa kwa fedha nyingi. Kilimani mna kiu na bondeni mna mafuriko, siku moja, kwa mvua moja. Miezi miwili baadaye mna kiu kote.

Kiswahili kina neno zuri ajabu kwa sehemu ya mambo haya, nalo ni mmomonyoko. Kumomonyoka ni kuanguka punje kwa punje, kama mkate mkavu, au kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Silabi za neno zenyewe zinadondoka moja baada ya moja. Kamati ya istilahi ingekaa mwaka mzima isilipate. Lakini uzuri wake umetufanya tudhani kwamba limekwisha kusema yote. Mmomonyoko hueleza udongo unaotoka. Haulezi maji yasiyoingia. Na maji yasiyoingia ndiyo yanayotangulia. Ukoko huja kwanza na korongo huja mwisho, naye mtazamaji, mtu wa mandhari, hulipiga picha korongo.

Ukoko wa Shinyanga haukuletwa na mbingu. Katika miaka ya 1920 na 1930 adui aliyetajwa na serikali ya Kiingereza katika Tanganyika hakuwa jangwa. Alikuwa pori. Mbung'o alikaa porini, na kwa mbung'o ilitoka nagana iliyoua ng'ombe na malale yaliyoua watu. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyeushika uongozi huo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Maelfu ya Wasukuma waliitwa na watemi wao kufyeka na kuchoma vichaka. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakapata nchi mpya ya kukaa. Sitaki kuidharau kazi yao, kwa maana ugonjwa ulikuwa wa kweli na mifugo iliyokufa ilikuwa ya kweli. Baadaye pamba ilidai mashamba, jiko lilidai kuni, na ng'ombe wakazidi malisho yaliyobaki. Kisha, mwaka 1974 na uliofuata, watu walihamishiwa katika vijiji, na malisho waliyozoea kuyatunza karibu na miji yao ya zamani yakabaki bila mwenyewe. Katika muda wa miaka sitini hivi nchi ile ile ilishitakiwa mara mbili: kwanza kwa kuwa na miti mingi, pili kwa kutokuwa nayo.

Neno pori lilileta shoka. Neno jangwa likaleta bustani za miche. Hapa ndipo ninapoona kwamba uchambuzi wa maneno si mchezo wa watu wa chuo. Jangwa ni utupu, na utupu hujazwa kwa kuletewa vitu; kwa hiyo katika miaka yake ya kwanza mradi ulitia nguvu katika kuotesha miche, mingine ya miti ya kigeni, na kuigawa. Wanakijiji walikuwa na fikra nyingine. Walijua kwamba ndani ya ardhi ile iliyoonekana tupu mlikuwa na mashina na mizizi hai, iliyoumwa na mbuzi kila mwaka na kuchipua kila mwaka. Hiyo haikuhitaji kuletwa. Ilihitaji kuachwa. Na jina la kuachwa kwa namna hiyo walikuwa nalo tangu zamani katika Kisukuma, nalo ni ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa, na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, wakati malisho ya nje yamekwisha. Yaweza kuwa ya mtu na nyumba yake, au ya kijiji kizima. Sheria zake hutungwa katika mkutano wa jadi uitwao dagashida, sungusungu huzilinda, na avunjaye hutozwa faini. Mradi ulipoacha kuwafundisha watu jangwa na kuanza kujifunza ngitili kwao, mambo yalibadilika kwa kasi isiyotazamiwa. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilipatikana karibu zaidi, nyasi za kuezekea zikarudi, na asali, na dawa, na ndege.

Nalipenda neno hili kwa sababu ya sarufi yake ya ndani. Si jina la miti, wala si jina la mahali tu. Limebeba mahali, na majira, na mapatano ya watu, kwa pamoja; mtu hawezi kusema ngitili asiulizwe ni ya nani na hufunguliwa lini. Lilinganishe na neno letu rasmi, hifadhi. Hifadhi husema: usiingie. Ngitili husema: usiingie sasa. Tofauti ya neno moja dogo, sasa, ndiyo tofauti kati ya nchi inayolindwa dhidi ya watu na nchi inayolindwa na watu. Katika Kondoa, mkoani Dodoma, njia ya kwanza ilijaribiwa kwa ukamilifu: mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Majani yaliota tena, hilo halina ubishi, na aliyefika huko baadaye aliona vilima vimefunikwa. Lakini wafugaji walihama na wanyama wao kwenda nchi nyingine, na mzigo ukahama nao. Mtazamaji wa mandhari hakuwaona, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutoka katika picha.

Namjua atakayenijibu. Atasema kwamba jangwa lilikuwa tamathali, mubalagha ya kuwaamsha waliolala, na kwamba lau kiongozi angesema udongo umepunguza uwezo wake wa kupenyeza maji, hakuna ambaye angeinuka kitini. Jibu hilo lina uzito, na sitalipuuza. HASHI isingaliundwa pasipo hofu. Lakini mubalagha nayo ina adabu yake. Ikimwita mtu hodari simba, hukuza kitu kilichomo ndani yake. Kuiita Shinyanga jangwa kulikuza kitu ambacho hakikuwamo, yaani ukosefu wa mvua na utupu wa ardhi, na kukafunika viwili vilivyokuwamo: mvua inayopotea, na mizizi inayongoja.

Wala haifai nilichambue jangwa kisha niipitishe ngitili bila kuihoji. Si kila nyumba ina ardhi ya kufunga. Mwenye ng'ombe wengi ndiye aliye na ngitili kubwa, na maskini hukodisha malisho, au huuza haki yake, au hukata kuni kwa hofu katika ngitili ya mwenzake. Panapokuwa na soko la mkaa, ahadi ya majira hulegea. Na kila shamba jipya la pamba au mpunga hutafuna ukingo wake. Hofu yangu ya pili ni ya lugha. Katika hotuba na taarifa, ngitili imeanza kuwa neno la sifa, la kutajwa kwa fahari mbele ya wageni, nalo likizoea kusifiwa hivyo litapoteza lile «sasa» lililo uhai wake. Mti wenyewe umekwisha kupatwa na jambo hilo. Husemwa kila mahali kwamba miti huleta maji, bila kiasi. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika mashamba yenye miti ya mshea, ulionyesha kwamba maji mengi huzama ardhini penye miti ya wastani: ikiwa michache mno ardhi haipokei, na ikiwa mingi mno miti huyanywa maji yale yale iliyoyapokea. Mchungaji mwenye ngitili, ambaye hutaka nyasi na kivuli pamoja, huifikia wastani hiyo bila kipimo.

Yako maneno mengine yanayoanza kuonekana, na moja linastahili kusifiwa. Katika Dodoma wakulima sasa wanafundishana kuchagua machipukizi yenye nguvu katika kisiki, kuyapogoa mengine, kuyatia alama yaliyobaki ili asiyakate mtu, na kuyatunza hadi yawe miti. Njia hii inafanana na ile ya Niger, ambako tangu miaka ya 1980 wakulima wamerudisha miti katika hekta kama milioni 5 bila kupanda miche. Katika Kiswahili imepewa jina la kisiki hai. Tazama jinsi maneno mawili yanavyogombana: kisiki, kwa mazoea yetu, ni alama ya mti uliokwisha, hai humrudishia mti hati yake ya kuishi. Hili ni kinyume kabisa cha jangwa. Jangwa huona utupu penye uhai, kisiki hai huona uhai penye utupu. Ni la jamaa moja na fanya juu, yale matuta ya Machakos ambayo mchimbaji hutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Jina ambalo wataalamu wa nje wamelichukua katika vitabu vyao bila kulifasiri, wakilidhani nomino, kumbe ni amri. Machakos nayo ilililiwa katika ripoti za miaka ya 1930 kama nchi inayokata roho. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa na watu kama mara tano ya wale wa 1932, na udongo wake ulishikwa vizuri zaidi kuliko hapo kwanza.

Ninaporudi kwenye fasihi, ambayo ndiyo kazi ya jarida hili, naona kwamba sisi wenyewe hatujafika mbali. Nchi mashuhuri sana katika nathari yetu, Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, iko angani. Haina udongo. Nalisema kwa heshima, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa haki na sheria, na kwa shabaha hiyo anga ilitosha. Lakini wanafunzi wa fasihi tumeurithi mtindo huo hata mahali pasipofaa. Swali la mtihani huuliza: mandhari ya riwaya hii ni ipi? Mwanafunzi hutaja jina la kijiji, hutaja kwamba ni wakati wa kiangazi, hupata alama zake mbili, huendelea na wahusika. Nchi imekuwa jukwaa, na jukwaa halinyweshi wala halikauki.

Riwaya ya Usukuma ikisomwa na mtu aliyefundishwa ngitili, kiangazi kile kile kitakuwa na matukio ndani yake. Atauliza ni mwezi gani, na ngitili imefunguliwa au bado, na ni nani aliyeikagua nyasi. Atajua kwamba siku ya kufungua si ng'ombe wote wanaoingia. Hutangulizwa ndama, na ng'ombe wazee na wagonjwa wasioweza kwenda mbali, na maksai ambao mvua za kwanza zitawataka waingie shambani wakiwa na nguvu za kuvuta jembe. Wengine wote hubaki nje, wakitazama kutoka upande wa pili wa mpaka ambao mara nyingi hauna uzio.